Daftari la Bibi na Seva Mpya

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akashangaa mbele ya safari. Mama yangu, mzaliwa wa Sudi, alikuwa akiwaambia wageni kwamba nilipozaliwa nililia siku tatu, na ya nne nikanyamaza kwa kuishiwa sauti tu, si kwa kuridhika. Kazi niliyokuja kuipata ukubwani, ya kutunza kompyuta za ofisi, haikunisaidia hata kidogo. Mtu ukimgombeza ataomba radhi, au atakujibu mkagombana mkamaliza. Kompyuta inakutazama tu.

Ofisi yenyewe ilikuwa Kilwa Masoko, mradi wa kuchimba visima vijijini, na miaka ile ilikuwa miaka ya soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, wafadhili wanaingia na magari yao meupe, na kila ofisi ilikuwa na neno moja ambalo watu walilitaja kwa sauti ya chini: kupunguzwa. Huko bara simba walikuwa bado wanasumbua watu mashambani, lakini mtumishi wa ofisi yetu angeambiwa achague kati ya simba na barua ya kupunguzwa, angeuliza kwanza simba mwenyewe ana ukubwa gani.

Aliyekuwa karibu na barua hiyo kuliko sote alikuwa bibi wa masijala. Kwao ni Njinjo. Alikuwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu, na kila faili lililoingia au kutoka katika ofisi ile lilipita mikononi mwake. Kwa umri angetosha kuwa mama yangu, lakini siku yangu ya kwanza kazini aliniuliza kwetu ni wapi, babu yangu alikuwa nani, huyo babu alioa wapi, akapiga hesabu za ukoo ambazo sikuweza kuzifuata, akahitimisha kwamba mimi ni mjukuu wake. Na kwa kuwa ni mjukuu wake, basi ni mume wake. Tangu siku hiyo kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona mikono mitupu? Mkeo atakula nini leo?"

"Mke wangu amenenepa, anaweza kuvumilia mpaka jioni."

Hapo ndipo alipocheka, na hapo ndipo siku ya kazi ilipoanza. Sikumbuki kama nimewahi kumkasirikia kwa jambo lolote isipokuwa kitambaa.

Masijala ilikuwa na mashine yake, seva ya zamani iliyoachwa na wafadhili waliotangulia, rangi yake ya kijivu imegeuka kuwa ya njano. Ndani yake mlikuwa na programu ya kufuatilia mafaili. Faili likitakiwa na mtu, bibi aliandika namba ya faili, akachagua jina la mtu huyo, na printa ikatoa kikaratasi chenye namba ya faili, jina la anayepelekewa, na chini ya jina cheo chake. Kikaratasi kilibandikwa kwa pini juu ya faili, safari ikaanza. Ilifanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba bibi aliifunika mashine hiyo kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni, kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Nilimweleza kwamba mashine inapumua, inahitaji hewa. Akaniambia hata yeye anapumua na bado amevaa nguo. Nilikitoa kitambaa kile mara nyingi, na kila mara nilikikuta kimerudi, kimepigwa pasi.

Ndipo ikaja habari ya seva mpya. Mradi ulipata fedha, na nikatumwa Dar kuifuata. Nilirudi nayo kwa basi, nimeikatia kiti chake kamili kwa sababu sikutaka iwekwe juu na mabegi na mbuzi. Njiani abiria waliposhuka kuchimba dawa, konda alilinyooshea kidole boksi la seva akaniuliza, "Na huyu mwenzako hashuki?" Sikucheka. Nilikuwa nimekaa na boksi lile tangu alfajiri, tumevuka nalo kivuko, tumekwama nalo kwenye tope, na nilikuwa nimeanza kulichukia.

Mtaalamu aliyetakiwa kusimamia kazi hiyo naye alitoka Dar, ila yeye alikuja kwa ndege ndogo. Alikuwa kijana wa rika langu, viatu vyake vinang'aa, na kompyuta ya kubeba aliyoiweka mezani polepole ili kila mtu aione. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Ijumaa.

"Mshikaji," aliniambia, "hii kazi ni ndogo. Tunaweka mpya, tunatupa za zamani, tunamaliza."

Jioni ile ile meneja aliniita. Alikuwa mtu mzima, mpole, mtu wa kusali na kunyoosha suruali, na kila alipokuambia neno baya alitazama dirishani.

"Kijana, mtaalamu ameshauri tuachane na mitambo ya zamani. Mashine ya masijala ikishindwa kuungana na seva mpya mpaka Ijumaa, masijala tunaifunga. Kila idara itatunza mafaili yake."

"Na bibi?"

Akatazama dirishani. "Itabidi apunguzwe."

Nilitoka pale nikiwa nimefura. Miezi kumi na moja! Mtu ametunza karatasi za watu tangu ofisi ina taipureta mbili, halafu aondolewe mlangoni kwa sababu mashine yake haijui kuamkiana na nyingine. Niliamua kwamba hata kama itanibidi kuifundisha mashine ile adabu kwa kiboko, Ijumaa itakuwa imeungana.

Hapa lazima nieleze kidogo, na sitachukua muda. Seva mpya ilikuwa na daftari la ndani. Kila mtumishi ana ukurasa wake mle: jina, neno la siri, vitu anavyoruhusiwa kufungua, na kisanduku kimoja kilichoandikwa Maelezo, ambacho unaweza kukijaza au kukiacha. Kompyuta yoyote ikitaka kujua kama fulani ni wetu, inaliuliza daftari hilo. Mashine za kisasa kabla ya kuuliza zinajitambulisha. Zinabisha hodi, zinataja jina, zinaonyesha neno la siri, ndipo zinajibiwa. Mashine ya bibi ilitengenezwa enzi ambazo watu walikuwa wanaaminiana. Ilikuwa inaingia tu na kuuliza, "Jamani, fulani yupo?" bila kusema yenyewe ni nani. Seva mpya mtu wa namna hiyo haimjibu.

Lakini waliotengeneza seva mpya walijua kwamba duniani kuna ofisi kama yetu. Wakati wa kuweka daftari, inafika hatua seva inakuuliza swali moja: unataka iwe na ruhusa zinazopatana na mitambo ya zamani, au za mitambo mipya pekee? Ukichagua za zamani, daftari lako linaweza kusomwa na kila mtu, aliyejitambulisha na asiyejitambulisha. Onyo hilo lilikuwa pale pale kwenye kioo, limeandikwa kwa herufi za kawaida.

"Mpya pekee," alisema mtaalamu begani kwangu, usiku ule tulipofika hatua hiyo.

"Ya zamani," nikasema, nikabonyeza.

"Umeona lakini imeandikwa kila mtu atasoma?"

"Atasoma nini? Majina ya watu wa Kilwa? Wote wanajuana."

Jibu lile nililipenda sana. Nililirudia kichwani mpaka nilipofika nyumbani.

Kesho yake ilinibidi niwaandikishe watumishi wote, sitini na kitu. Na hapo nikakwama, maana huku kwetu majina ni yale yale. Tulikuwa na watu watano wenye jina moja la kwanza, na kati yao watatu hata jina la baba ni moja. Ofisi ya utumishi ilikuwa na orodha, lakini orodha yenyewe haikuonyesha yupi ni yupi. Nikaenda kwa mtu pekee ambaye hajawahi kupeleka faili kwa mtu asiye wake.

"Mume wangu, hilo ndilo la kukunyima raha?" bibi akasema. Akafungua droo akatoa daftari kubwa la jalada gumu, kona zake zimeshonwa kwa uzi. Kila mtumishi alikuwa na mstari wake: jina, chumba, na safu ya mwisho imeandikwa Maelezo. "Mimi nisipoandika nitawajuaje? Chukua. Lakini ni la kazi, silitoi kwa mtu."

Safu yake inaitwa Maelezo, na kisanduku cha seva kinaitwa Maelezo. Nadhani hata malaika angekosea pale. Nilikaa nalo mchana kutwa nikinakili mstari kwa mstari, huku mtaalamu anapita nyuma yangu akitazama saa. Niliyasoma niliyokuwa nayachapa, sitasingizia kwamba sikuyasoma, na mengine nilicheka peke yangu. Wale watatu wa jina moja, kwa mfano. Wa kwanza: "Mfupi, husema yeye ni wa wastani." Wa pili: "Wa wake wawili, uliza leo yuko nyumba ipi." Wa tatu: "Akivaa kofia nyeupe ana furaha, bila kofia rudi kesho." Ukiwa na maneno hayo utawachanganyaje watu? Nikayaweka yote.

La meneja lilikuwa la kwanza kabisa, juu ya ukurasa. "Haoni karibu. Mwandikie kwa herufi kubwa. Asijue kwamba tunajua."

Mkono ulisita kidogo. Nikajiambia kisanduku kile hakuna atakayekifungua isipokuwa mimi, nikaendelea. Mwishoni nikajiandikisha mwenyewe, "Fundi wa Mtandao," na kwa kuwa mtaalamu naye alihitaji kupata mafaili, nikamwandikisha yeye kwa maneno yangu mwenyewe: "Mgeni. Ijumaa anaondoka."

Jumatano tukaiunganisha mashine ya masijala. Nilitoa kitambaa, nikachomeka waya, nikaielekeza kwa seva mpya, na ile mashine ya njano ikaguna, ikafikiri, ikaguna tena, halafu majina yote sitini na kitu yakajitokeza. Nilipiga makofi. Bibi alipiga kigelegele kilichowatoa watu vyumbani. Nikajaribu kwa kujipelekea faili mimi mwenyewe, na printa ikatoa kikaratasi safi: namba ya faili, jina langu, na chini yake "Fundi wa Mtandao". Nikamwonyesha mtaalamu. Akasema poa, ila uso wake haukuwa poa.

Laiti ningemjaribu mtu mwingine yeyote. Programu ile ya zamani ilikuwa na nafasi ya cheo, na katika daftari la seva hakukuwa na kisanduku inachokijua cha cheo. Ilichofanya, kama kizee kilichotumwa dukani kikakuta sabuni iliyotajwa haipo, ni kuchukua kilichofanana. Ilichukua Maelezo. Kwangu mimi Maelezo yalikuwa cheo kweli, kwa hiyo sikuona kitu.

Alhamisi asubuhi bibi alikuwa na mafaili ya siku tatu yaliyokuwa yakisubiri. Aliyatoa kama karanga. Anachapa, anabandika, mhudumu anachukua, anachapa, anabandika. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nakunywa chai na chapati, nimeridhika kama sijawahi kuridhika, nikasikia kicheko kwenye ukumbi wa kupitia. Kisha kicheko kingine. Kisha mlango wangu ukafunguliwa bila hodi, akaingia mhandisi wa visima, faili na kikaratasi chake mkononi.

"Hii ni nini?"

Nikasoma. Jina lake, na mahali pa cheo: "Huahidi haraka. Mkumbushe mara tatu."

Nikaiweka chapati chini. Nyuma yake alikuwa afisa ugavi, aliyeandikwa "Nakala mbili, moja ataipoteza," na nyuma ya afisa ugavi yule wa wake wawili, ambaye tayari alikuwa ameulizwa na watu saba leo yuko nyumba ipi. Nikawapita wote nikakimbilia masijala.

"Bibi, simama! Umesoma vikaratasi?"

"Nivisome vya nini? Tangu lini mtu akasoma cheo anachokijua?"

Nikampa kimoja. Akavaa miwani, akasoma, akakaa. Nilimwona anazeeka mbele ya macho yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniita mume wake.

"Umeyatia mle?" akauliza. "Yote?"

"Yote, bibi."

"Nilikwambia ni la kazi."

Nikauliza swali moja tu lililokuwa linanichoma. "La meneja umeshapeleka?"

"La meneja nilipeleka la kwanza. Mkubwa hasubirishwi."

Saa sita tuliitwa sote ukumbini. Viti havikutosha, wengine walisimama madirishani. Kila mtu alikuwa ameshika kikaratasi chake, na wale ambao hawakupata walikuwa wanasoma vya wenzao. Meneja alikaa mbele, mtulivu, mkono juu ya mfuko wa shati. Mtaalamu ndiye aliyeanza, naye alikuwa na chake mkononi.

"Mimi nilionya," alisema. "Nilisema tuchague mitambo mipya pekee. Sasa daftari liko wazi, kila mtu anasoma, watu wametukanwa. Dawa ni moja. Tufunge ruhusa hizi za zamani leo hii, mashine ya masijala itoke, na aliyeandika maneno haya achukuliwe hatua."

Watu wakanong'ona ndiyo, ndiyo. Mhandisi akasema ndiyo kwa sauti. Na hapo bibi akasimama kule nyuma, kanga yake ameifunga kiunoni kama anayekwenda kulima.

"Maneno ni yangu," alisema. "Niliyaandika mimi, miaka mingi, kila mmoja nilipokwisha kumjua. Sikuandika kumtukana mtu. Niliandika ili faili la mtu lifike. Nani hapa faili lake halijafika?"

Wakati ule ndipo nilipoyaelewa yale niliyoyanakili mchana kutwa huku nacheka. Nakala mbili, kwa sababu moja ataipoteza, na kwa hiyo afisa ugavi hajawahi kukosa karatasi. Mkumbushe mara tatu, na kwa hiyo visima vilichimbwa. Nikasimama nami, nikasema aliyeyachapa kwenye seva ni mimi, bila ruhusa yake, na kama kuna barua ya kuandikwa iandikwe kwa jina langu. Sauti yangu ilikuwa juu mno kwa maneno yale, lakini ndiyo sauti niliyo nayo.

Meneja akainua mkono. "Mimi changu nimeletewa asubuhi," alisema, "sijapata nafasi ya kukisoma." Akakitoa mfukoni, akakitazama, akakisogeza mbali, akakisogeza mbali zaidi mpaka mkono ukaisha. Zile printa za zamani zilikuwa na herufi ndogo kama chawa. "Nimeona wenzangu wote mmesomwa. Si haki mimi nibaki. Kijana, njoo utusomee."

Nilikwenda mbele. Nikakipokea. Kilikuwa kile kile: haoni karibu, mwandikie kwa herufi kubwa, asijue kwamba tunajua. Watu sitini na kitu walikuwa wananitazama, wameshaonja vya wenzao na sasa wanamsubiri mkubwa. Bibi kule nyuma alikuwa amefumba macho.

"Meneja," nikasoma kwa sauti. "Mlango wa kwanza kulia."

Kisha mtu mmoja dirishani akaguna, kwa kuvunjika moyo kabisa.

"Basi?" akauliza meneja.

"Basi, mzee."

Mtaalamu akanyoosha mkono. "Hebu nione."

"Wewe una chako," nikamwambia. "Kisome hicho hicho. Kwani kesho si Ijumaa?"

Ukumbi mzima ulipasuka. Hata mhandisi alicheka, hata yule wa wake wawili. Nikakikunja kikaratasi nikakitia mfukoni.

Meneja alisubiri watulie, akaniuliza kama hakuna njia nyingine isipokuwa kufunga. Nikamweleza kama ambavyo ningemweleza mama yangu. Mlango ule hatuwezi kuufunga bila kuifungia mashine ya masijala nje. Lakini mlango ukiwa lazima ubaki wazi, si unatoa sebuleni vitu usivyotaka vionekane? Nikifuta Maelezo yote na kuandika vyeo vya kweli, kila mtu atasoma, na atakachosoma ni mhandisi, afisa ugavi, dereva. Saa moja inanitosha.

"Fanya," akasema.

"Na masijala, mzee?"

Safari hii hakutazama dirishani. "Nilisema ikishindwa kuungana. Si imeungana?"

Nilifuta. Mtaalamu alikaa chumbani kwangu ananitazama, na nilipomaliza akaniambia, kwa haki kabisa, kwamba daftari linalosomwa na kila mtu bado ni hatari, na siku moja litaniponza. Alikuwa sahihi. Nilimkasirikia kwa kuwa sahihi. Kesho yake akapanda ndege yake.

Ijumaa hiyo hiyo baada ya sala meneja aliniita. Juu ya meza yake palikuwa na barua mbili, moja aliyoandikiwa yeye na masijala na nyingine aliyoiazima idara ya visima. Yake ilikuwa na herufi kubwa kama za bango la harusi.

"Miaka yote," alisema, "nilidhani mashine anayochapia barua yule mama haina herufi ndogo. Nilikuwa naionea huruma."

Nikanyamaza. Kwangu mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuweka seva.

"Jana nilikwenda kwa mhandisi, nikaona barua yake kutoka masijala. Ina herufi ndogo." Akazilaza zile barua moja juu ya nyingine. "Kilichoandikwa kwenye kile kikaratasi sikuulizi. Ila ile mashine ya zamani ya masijala isizimwe mpaka mwenyewe astaafu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Haikuzimwa. Iliendelea kuingia bila hodi na kuuliza majina, na seva mpya iliendelea kuijibu, kwa miezi kumi na moja. Kitambaa kilirudi juu yake na sikukitoa tena.

Siku bibi alipostaafu tulimfanyia pilau pale pale ofisini. Meneja alisoma hotuba kutoka kwenye karatasi yenye herufi kubwa, na sote tunajua ni nani aliyeichapa. Watu walilia, na yule wa tatu wa jina moja alivaa kofia nyeupe. Mimi nilibeba mizigo yake hadi kituoni, kwenye gari la Njinjo. Alipoketi akanipa daftari lake kupitia dirishani.

"Chukua, mume wangu. Huko ninakokwenda watu nawajua bila kuandika."

Gari lilipoondoka nilisimama pale pale kituoni nikalifungua. Nilikuwa sijawahi kuuona mstari wangu. Siku niliyonakili haukuwepo, nilikuwa mgeni bado. Sasa ulikuwepo, ukurasa wa mwisho, wino wake tofauti na mwingine, na tarehe aliyoiweka pembeni ilikuwa ya ile Alhamisi. "Mume wangu. Ana hasira. Mwache aseme kwanza, halafu mwambie. Hutunza siri."

Nililia kituoni mchana kweupe, katikati ya wauza machungwa, na mmoja akaniuliza nimeibiwa nini.

Niliporudi ofisini niliifungua seva, nikatafuta ukurasa wangu, nikafuta Fundi wa Mtandao, nikaandika maneno yake yale yale kasoro mawili ya mwanzo, ambayo yalikuwa yangu peke yangu. Kisha nikaizima mashine ya njano, nikafunga ruhusa za zamani, na daftari halikusomwa tena na kila mtu. Baada ya miaka nikahama ofisi, nikasahau.

Juzi juzi simu ililia. Ni fundi wa sasa wa ofisi ile, mwanamke kijana ambaye sijawahi kumwona. Alinisalimu kwa adabu, akaniambia wanahamisha daftari la watumishi kwenda kwenye seva nyingine, na majina mengine ni ya zamani mno hawajui wayafute au wayaache. Nikauliza kwa nini wamechelewa hivyo, kwa nini hawakunitafuta kabla ya kuanza, nani aliyewashauri, na kama wameweka nakala, maana najua hawajaweka. Nilisema kwa muda mrefu. Nilisema mpaka nikasikia ninavyosema.

Upande wa pili kulikuwa kimya kabisa.

"Upo?" nikauliza.

"Nipo, mzee," akajibu taratibu. "Nilikuwa nakuacha useme kwanza."